Matanga ya Bwana Kishindo

Hapo zamani za kale, tena si hapa petu bali kwenye dunia nyingine kabisa, mbali huko nyuma ya nyota, kulikuwa na jua lisilochomoza wala kutua. Lilikuwa jekundu, pana kama sinia la harusi, na lilikuwa limegota palepale ukingoni mwa mbingu tangu lilipoumbwa.

Upande mmoja wa dunia ile uliungua mpaka mawe yakapasuka. Upande wa pili ulikuwa giza na barafu tupu. Katikati ukabaki ukanda mwembamba wa kukalika, na viumbe wote wakasongamana humo kama wapangaji wanaogombea uani.

Na dunia yenyewe ilikuwa nzito, wanangu! Kila kitu kilivutwa chini kwa nguvu, hata machozi yalidondoka kama kokoto. Basi dunia ile ikawafinyanga watu wake, kama mkono unavyofinyanga chungu. Hakuna aliyekuwa mrefu. Miti ilitambaa kama mtango, majani yake meusi tii, yasije yakapoteza hata chembe ya ule mwanga hafifu. Wanyama walikuwa na mgongo bapa na miguu mingi mifupi, huyu sita, yule kumi. Kuinua kichwa juu ilikuwa aibu. Anayetazama juu anatafuta nini huko, kama si kuanguka?

Masikio hawakuwa nayo. Sikio lao lilikuwa tumbo. Ukilaza tumbo chini, unasikia mtaa mzima: nani anakuja, nani anaondoka, nani kanuniana na mumewe. Raha iliyoje! Mtu umejilalia nyumbani kwako, habari zinakuja zenyewe.

Majina yao ya kweli hayatamkiki kwa mdomo wa hapa, basi tuwaazime majina ya wanyama wetu wanaofanana nao.

Mdogo kuliko wote alikuwa Sange, mwenye pua ndefu na miguu sita ya mbio. Aliishi na mama yake kwenye pango dogo kando ya chemchemi ya moto, mahali pazuri kuliko pote mtaani. Kisha mama akafariki. Sange akachimba mwenyewe nyuma ya pango, akafukia mwenyewe, akarudi ndani akakaa. Akatega tumbo kusikiliza nani anakuja kumpa pole.

Hakuja mtu.

Alipokuja mtu, ndipo aliposikia: puu-puu-puu-puu! Miguu kumi ya Mzee Ndovu, mkuu wa mtaa. Nyuma yake, pwata-pwata, Bi Kiboko, jirani mwenye mdomo mpana kama mlango wa ghala, na haufungwi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mzee Ndovu. Shikamoo. Karibu, Bi Kiboko. Piteni."

"Marahaba. Tupite wapi, mwanangu? Pua yangu peke yake imejaza mlango."

"Tumesikia mama yako hayupo," alisema Bi Kiboko.

Moyo wa Sange uliruka. "Mmesikia?"

"Tulisikia kimya. Zamani palikuwa na nyayo mbili, chwi-chwi, chwi-chwi. Sasa chwi-chwi moja. Nikamwambia mzee, pale pamepatikana nafasi."

Ndovu alikuwa ameshaingiza mguu mmoja, anapima upana wa chumba. "Wanangu watatosha," alinong'ona. Halafu akakohoa. "Sange, sheria unaijua. Upepo wa Gizani haukomi. Sisi tunalala marundomarundo, huyu anampa yule joto. Alalaye peke yake hampi mtu joto, basi naye asikalie mahali pa joto. Wapweke huhamia Ukingoni."

Ukingoni! Huko barafu inapoanzia. Aliyehamia huko walimsikia akitembea, kisha akitembea polepole, kisha basi.

Sange akajibana ukutani. Lakini mdogo huyo ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake.

"Nani kawaambia nalala peke yangu? Mimi ni mke wa mtu!"

"Ala!" Bi Kiboko macho yalimtoka. "Mke wa nani?"

"Wa Bwana Kishindo, mtu wa Gizani. Huko watu wamekaa bila mwanga mpaka macho yamewaota ngozi. Wana ndevu ndefu kama kamba, ndizo wanazopapasia. Na ile baridi imewanenepesha, maana mwembamba huko haishi. Mzee Ndovu, usinielewe vibaya, lakini kwa mume wangu wewe ni mtoto wa kubebwa."

"Uliolewa lini, na sisi hatuna habari?"

"Harusi ilikuwa ya kimya, Bi Kiboko. Si unasema kimya mnakisikia?"

Ndovu akakunja uso. "Yuko wapi huyo bwana?"

"Yuko mawindoni. Akirudi mtamsikia, hamtahitaji kuambiwa."

"Haya. Tunakwenda kulala. Tukiamka bila kumsikia, unahama."

Wakaondoka, puu-puu, pwata-pwata. Sange akabaki katikati ya chumba na uongo wake. Mume atamtoa wapi? Aliegemea ukuta, akalia. Pale ukutani mwamba ulijitokeza kama rafu, na juu yake ndipo mama alipokuwa akiweka jiwe lake la kusagia. Nyumba nyingine zote ziliweka vitu chini. Wanyama wakubwa hata hawakujua kwamba kitu chaweza kukaa juu. Ila mama Sange alikuwa mwepesi, alipanda.

Katika kulia kwake, Sange alitikisa ukuta. Jiwe likateleza.

PUU!

Uji uliruka bakulini. Vumbi likashuka. Na kule mbali, chini ya tumbo lake, alisikia miguu ya Ndovu imesimama ghafla, yote kumi.

Sange akaacha kulia. Akalitazama jiwe. Kwenye dunia nzito kama ile, jiwe dogo likianguka kutoka kimo cha goti lilipiga kama mguu wa jitu. Akalisukuma juu tena, anahema, akalidondosha. PUU! Akalipandisha. PUU! Na katikati akatia maneno, kwa sauti ya mke aliyedekezwa:

"Pole na safari, bwanangu! Jifute ndevu, hiyo barafu inanilowanishia nyumba!"

PUU!

"Mzee Ndovu alikuja. Hapana, usimfuate! Kaa ule kwanza!"

PUU! PUU!

Wee! Mtaa mzima uliwasikia watoto wa Ndovu wakikimbilia chini ya baba yao, na baba mwenyewe akitafuta wa kukimbilia chini yake. Sange alicheka mpaka akalala chali, miguu sita hewani. Nyumba imepona!

Tokea hapo kila alipoamka alimleta mume, na kila alipotaka kulala alimtuma mawindoni. Zawadi zikaanza kuwekwa mlangoni: uyoga mkavu, mizizi mitamu. Ila aliyeziweka alikuwa ameshakimbia Sange anapochungulia.

"Bi Kiboko! Ngoja, tuongee kidogo!"

"Nina chungu motoni, shoga! Msalimie bwana!" Pwata-pwata-pwata, huyo.

Zamani, japo walimdharau, walipita mlangoni. Sasa waliukwepa mlango ule kwa mbali. Nani apite karibu na jitu lisilo na macho?

Sange akawa anakula na jiwe. Alilimiminia uji wake bakuli la pili, akalisemesha. "Umeamkaje? Leo umepikiwa vizuri?" Jiwe kimya. Kisha alilala, akatega tumbo. Akasikia kule kwa Bi Kiboko wanavyocheka. Hakusikia kichekesho chenyewe, kicheko tu, kinakuja kupitia udongoni. Akasikia kwa Ndovu watoto wakigombania nafasi ya katikati ya rundo, penye joto. "Sogea!" "Sogea wewe!"

Yeye hakuwa na wa kumwambia asogee. Chemchemi ilikuwa ya moto, pango lilikuwa la moto, lakini mgongo wake ulikuwa baridi. Akafikiri: hawa nimewadanganya, nimepata nyumba. Lakini tofauti ya hapa na Ukingoni ni nini?

Akafikiri tena. Kuna wakati gani ambapo mtaa wote huja nyumbani kwa mtu, hata ambaye hawampendi, wakalala kwake na kula kwake, na hakuna anayethubutu kukosa?

Akainuka. Akalipandisha jiwe rafuni taratibu. Akalidondosha kwa mara ya mwisho, PUU, kisha akatoka mlangoni.

"Yowe! Yowe! Jamani njooni! Bwana Kishindo ameanguka! Bwana wangu hayupo!"

Lo! Kabla yowe halijaisha, udongo ulijaa miguu. Walikuja wote. Ndovu na nyumba yake, Bi Kiboko na nyumba yake, hata wa mwisho wa mtaa. Walipouliza maiti, Sange alijibu, "Kwa desturi ya Gizani, mke humzika mume papo hapo, peke yake." Akawaonyesha kaburi nyuma ya pango. Lilikuwa dogo, lakini walikuwa na haraka ya kulia, hakuna aliyepima.

Basi matanga yakawekwa. Walijipenyeza mlangoni mmoja mmoja, hata Ndovu kwa kusukumwa, wakajazana pangoni rundo zito, mbavu kwa mbavu, na mfiwa akawekwa katikati kabisa, penye joto. Mmoja alimkanda miguu. Mmoja alimshikia bakuli. Sange alijifunika uso, akalia, na ndani ya kilio alikuwa anatabasamu, kisha analia kweli, hata mwenyewe hajui kipi ni kipi.

Na hadithi zake marehemu! Matanga bila hadithi hayaendi.

"Alikuwa mtu wa watu," alisema Bi Kiboko. "Ndevu zile! Mara ngapi amenisimamisha njiani, ananiulizia mguu wangu unaouma."

"Alikuja kwangu," alisema Ndovu, hataki kupitwa. "Tulikunywa uji bakuli moja. Akaniambia, Mzee Ndovu, wewe ndugu yangu, mtaa huu bila wewe si mtaa."

"Mimi aliniahidi uyoga wa Gizani!"

"Mimi alinibebea mtoto!"

Sange alisikiliza kwa mshangao. Mumewe alikuwa na marafiki wengi kuliko alivyodhani.

Wakala, wakalia, wakalala. Bi Kiboko ndiye aliyeharibu. Alijigeuza usingizini, akaubamiza ukuta kwa makalio yake. Na Sange, kwa mazoea, alikuwa amelirudisha jiwe rafuni.

PUU!

"Amefufuka!" alipiga kelele Ndovu. "Bwana Kishindo amefufuka!" Wakakanyagana kutafuta mlango, lakini mlango ulikuwa mdogo na tumbo la Ndovu lilikuwa limeshauziba. Kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia, wakageuka kutazama. Wakaliona jiwe la kusagia sakafuni, limejipasulia shimo. Macho yakapanda ukutani polepole, kwa aibu, mpaka kwenye rafu.

Kimya. Kimya kile kile wanachokisikia.

"Sange," alisema Ndovu kwa hasira. "Umetufanya tulie matanga ya jiwe?"

Sange alisimama katikati yao, mdogo, miguu yake sita imekaza.

"Jiwe hilo ni la mama yangu. Alipokufa mlisikia kimya. Mkaja kupima chumba. Haya matanga ni yake, yamechelewa tu njiani."

Bi Kiboko alitazama bakuli lake.

"Sheria ni sheria," alisema Ndovu mwishowe, lakini polepole. "Mtu hawezi kudanganya mtaa mzima. Hapakuwa na Bwana Kishindo, basi unalala peke yako, basi..."

"Sawa, Mzee wangu," alisema Sange. Hapo akapangusa machozi, na ule ulimi wake mwepesi ukarudi mahali pake. "Nitatangaza mwenyewe, mpaka mitaa ya mbali isikie. Hapakuwa na Bwana Kishindo. Ila wataniuliza, je, nani alikunywa uji bakuli moja na Mzee Ndovu? Na ni ndevu za nani zilizoulizia mguu wa Bi Kiboko? Nami niwajibuje?"

Wanangu! Mngewaona wakubwa wale! Huyu anakuna shingo, yule anahesabu kucha zake. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha marehemu mdomoni.

Ndovu akakohoa. Akakohoa tena.

"Marehemu," alisema, "alikuwa rafiki yangu sana."

"Mno," alisema Bi Kiboko.

"Wala haifai kumwacha mjane kabla matanga hayajaanuliwa."

"Haifai hata kidogo."

"Yataanuliwa lini?" aliuliza mmoja wa nyuma.

Wote wakamtazama Sange. Sange aliliviringisha jiwe la mama yake mpaka katikati ya rundo, akalikalisha hapo, naye akajilaza kando yake.

"Sijamaliza kulia," alisema.

Ndovu alishusha tumbo lake chini, akashusha pumzi. "Sogea kidogo, mwanangu."

"Sogea wewe," alisema Sange.

Upepo wa Gizani ukavuma nje bila kukoma, kama kawaida yake. Ndani mtu wa mwisho akaacha kujigeuza. Sange akatega tumbo, akasikiliza moyo mmoja mmoja, mikubwa, mizito, ikipiga pande zote. Katikati yake palikuwa na mahali pasipo na chwi-chwi ya mama. Akapasikiliza hapo mpaka usingizi ukamchukua.

Na wasemao husema, matanga ya Bwana Kishindo hayajaanuliwa mpaka leo. Wanapokezana kwenda kulala pale, na wageni husimuliwa habari za ndevu zake.

Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili: jirani mwepesi usingoje kishindo ndipo umwendee.