Koti la Mzee Gama

Sogeeni mbele kidogo, wa nyuma nao wasikie. Hadithi ninayo, ila mwisho wake sinao; mwisho mnao ninyi. Mkikubali kuumalizia, naanza. Mmekubali? Haya, msije mkanigeuka baadaye.

Palikuwa na watani watatu mjini Tabora, na kila mmoja alikuwa amejaliwa chake.

Wa kwanza ni Maganga, fundi baiskeli. Yeye alijaliwa sauti. Akikusikia ukiongea leo, kesho anaongea kama wewe mpaka mkeo anaitika kutoka jikoni.

Wa pili ni Kapela, mshona viatu. Yeye alijaliwa mwili. Unavyotembea, unavyokaa, unavyojikuna mgongo ukidhani huonekani, vyote anavyo. Kichwa chake, hata hivyo, hakikushika maneno. Ukimpa salamu zako, zinafika kwa mtu mwingine, tena zimegeuka.

Wa tatu ni Kalunde, mwanamke muuza karanga. Yeye alijaliwa masikio. Ulichomwambia mwaka juzi anakurudishia leo kama kilivyo. Wapo waliosema kwamba mara mojamoja huongeza chumvi. Wapo pia waliosema kwamba wanaosema hivyo ni wale waliosahau walichomwambia.

Wote watatu ni Wanyamwezi, na mtani wao alikuwa Mngoni mmoja, Mzee Eusebi Gama, mstaafu wa reli. Mnajua utani wa makabila hayo mawili. Mababu walipigana mikuki, wajukuu wakabaki na maneno. Mngoni akifa, Mnyamwezi ndiye anayeingia msibani kumwigiza marehemu, kumcheka na kuwachokoza wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Hata mimi nikifa nataka watani waje, maana wanaokuja kulia nawajua, wengine wanalilia pilau.

Mzee Gama alikuwa mtu wa maoni. Wengine wana ng'ombe, yeye alikuwa na maoni. Kila asubuhi, jua kali au baridi, alivaa koti lake la kijivu akaenda kijiweni, mbele ya karakana ya Maganga, akakaa kwenye kiti cha mbao na kuanza kugawa. Kuhusu siasa alisema uchaguzi ufanyike masika, barabara zikiwa tope. Kuhusu mpira alisema goli la penalti lihesabiwe nusu. Kuhusu maisha alisema maharage yatiwe chumvi mwishoni, mtu asiulizwe swali kabla hajanywa chai, na mwanaume anayemsifia mke wake mbele ya wenzake ana jambo analificha. Hilo la mwisho alilishika. Miaka kumi na tisa kijiweni, hakuna aliyemsikia akimtaja mkewe kwa neno zuri wala baya.

Akafa Jumatatu. Alianguka bafuni, wakambeba, akaishia njiani. Jumatano akazikwa.

Mkewe, Mama Skola, hakulia. Msidhani alijikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Alikaa mkekani, wanawake wakalia wakimzunguka, yeye akatazama ukuta. Akiambiwa inuka, anainuka. Akipewa kikombe, anakishika mpaka chai inapoa, kisha wanakichukua. Baadaye sana alimweleza binti yake kwamba mwili wake aliusikia kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako. Aliona watu wakifungua midomo. Alijua mumewe amekufa, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Alhamisi.

Na Alhamisi ilipofika alikuwa hajala tangu Jumatatu. Mama huyu ana kisukari. Skola, binti yake wa pekee, akatoka uani akawafuata watani watatu waliokuwa wamekaa ukumbini.

"Baba Maganga, mama hajala," akasema. "Nesi amesema ikifika kesho hivi, tumpeleke akalazwe. Na mimi naogopa akilazwa harudi."

"Ameongea?" Kalunde akauliza.

"Hajaongea. Nimemwita mama, nimemwita kwa jina lake. Hanioni."

Maganga akasimama. "Lete koti la baba yako."

Hapo lazima niwaeleze desturi ya mtaa ule. Mtani anayemleta marehemu, yaani anayemwigiza mpaka watu wakasahau kwamba hayupo, ndiye anayepewa vazi lake siku ya kuanua matanga. Anapewa mmoja, na vazi ni moja. Na koti la Mzee Gama kila mtu alilijua. Kulivaa mtaani ilikuwa ni kusema, mimi ndiye niliyemjua yule mtu.

Maganga akalivaa. Akaingia alikokaa mjane, akasimama mlangoni, nyuma ya wanawake, akakohoa. Kikohozi kile kile. Wanawake wakanyamaza ghafla.

"Mnapiga kura kiangazi," akasema kwa sauti ya Mzee Gama, ile nzito inayokwaruza, "barabara kavu, mtu anakuja na gari lake, anashuka, viatu vinang'aa, anawaambia nawapenda. Kwa nini asikupende, amechoka nini? Uchaguzi ufanyike masika. Anayetaka kura yangu aje na tope mpaka magotini, nimwone anavyohema. Halafu ndiyo aniambie ananipenda."

Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Bibi mmoja akajifunika kanga usoni, hajui acheke au akimbie. Mama Skola akainua kichwa. Akautazama mlango. Siku nne alikuwa hajatazama kitu chochote kwa kutaka kukitazama, na sasa aliutazama mlango, akingoja mtu aingie.

Aliyesimama pale ni Maganga. Akamtambua. Kichwa hakikushuka tena, lakini macho yakarudi kuwa yale yale.

Kapela akalipokea koti. Akatoka nje, akaingia upya, na alipoingia hata mimi nywele zilinisimama. Goti la kulia halikunjiki sawasawa. Mkono unapapasa mfuko wa juu kutafuta miwani iliyo usoni. Akavuta kiti, akakigeuza, akakikalia kinyumenyume kama mzee alivyokuwa akikaa mpira ukitangazwa redioni. Mama Skola akamfuata kwa macho kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti.

Basi angeishia hapo. Lakini Kapela ni Kapela, akafungua mdomo.

"Mimi nasema," akasema, akipiga mgongo wa kiti, "goli la penalti lihesabiwe mawili."

Watu wakaguna. Maganga akafumba macho kwa aibu. Chumba kizima kilijua kwamba amekosea, na kila mmoja akangoja mwenzake aseme.

"Nusu."

Sauti ilikuwa ndogo na kavu. Skola akageuka kumtafuta aliyesema.

"Alisema nusu," Mama Skola akarudia, akimtazama Kapela kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeandika ovyo. "Kipa yuko peke yake. Wenzake wote wamewekwa nyuma, hawaruhusiwi kumsaidia. Mtu ameachwa peke yake hivyo, ukimfunga umefanya nini? Hilo si goli zima. Ndivyo alivyosema. Wewe Kapela ulikuwepo."

"Nilikuwepo, shemeji."

"Basi sema sawasawa."

"Nusu," Kapela akasema.

Skola akaleta uji mbio. Mama yake akautazama uji, akautazama mkono ulioushika, akarudisha macho ukutani. Kuongea alikuwa ameongea. Kula hakula, na uso wake ulikuwa mkavu kama ulivyokuwa asubuhi.

Akabaki Kalunde. Koti lilimmeza, mikono ikapotea ndani. Hakuigiza sauti wala mwendo, maana hana. Akakaa tu mkekani, mbele ya Mama Skola, magoti yakigusana, akaanza kusema yale ya maisha aliyoyasikia kwa mzee.

"Maharage chumvi mwishoni," akasema. "Ukiitia mapema yanagoma kuiva. Mtu asiulizwe kitu kabla ya chai, maana atakachojibu si chake, ni cha njaa. Na mwanaume anayemsifia mke wake kijiweni ana jambo analificha."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hayo yote walikuwa wameyasikia.

Kalunde akashusha sauti. "Lakini wewe Kalunde si kijiwe, wewe ni muuza karanga. Nifungie za shilingi mia mbili, na hili usilipeleke kule kwa wanaume. Nikifika nyumbani nikamkuta Mama Skola hayupo, ile nyumba huwa siijui. Nimeijenga mwenyewe, na siijui. Nasimama pale mlangoni kama mgeni, nangoja mwenyewe aje aniambie karibu."

Hilo hakuna aliyekuwa amelisikia.

Mama Skola akamtazama. Halafu ikatoka sauti ambayo sitaiigiza hapa, na hata Maganga hakuwahi kuiigiza. Alilia mpaka akaishiwa. Alipomaliza akajifuta kwa pindo la kanga, akaulizia uji, akaunywa wote, akaomba mwingine. Saa ile Skola naye ndipo alipoketi chini kulia kwa nafasi yake.

Kesho yake nesi alikuja, akapima, akasema yuko salama.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Koti likaletwa, limekunjwa, likawekwa mapajani kwa Mama Skola. Watani watatu wakakaa mbele yake.

"Shemeji alipokuwa ameinamisha kichwa, hakuna aliyemfikia," Maganga akaanza, akiwageukia watu. "Mimi ndiye niliyekiinua. Nisingekiinua, Kapela angemtembelea nani? Na mimi sikuongeza neno wala sikupunguza. Kama kumleta mtu ni kumleta alivyokuwa, nimemleta."

"Mimi nilikosea," Kapela akasema. Alikuwa mtu mkweli, hilo mpeni. "Sikukosea makusudi, msije mkanisifia akili nisiyo nayo. Lakini ninyi mliopatia hamkujibiwa. Nilijibiwa mimi. Shemeji alitoka kule alikokuwa ili aje kumtetea mumewe."

Kalunde alikuwa akichezea ncha ya kanga yake. "Alikula," akasema. "Mtoto alikuja kutuambia mama hajala. Akala. Sina zaidi."

"Alikula kwa uongo," Maganga akasema.

"Uongo upi?"

"Gama hakusema yale. Nimekaa naye miaka kumi na tisa."

"Ulikaa naye kijiweni," Kalunde akajibu. "Na kijiweni alikwambia kwamba ya mkewe hasemi."

"Basi apa."

"Mtani haapi msibani, Maganga. Nikiapa, utani umeisha, imekuwa kesi."

Maganga akawatazama watu. Kuna aliyeanza kusema kwamba Kalunde huongeza chumvi, mwingine akamkatiza kwamba Kalunde hajawahi kusahau neno. Na wote walisema kweli. Mzee mwenyewe ndiye angejibu, naye ndiye tuliyemzika.

Skola akasema, "Mama, kaa nalo tu wewe."

"Haiwezekani," mama yake akasema. "Matanga yanaanuliwa leo. Likibaki kwangu, ni kusema hakuna aliyemleta, na walimleta."

Akalipapasa koti. Uso wake ulikuwa umerudi kwenye ule utulivu wa mkekani, lakini sasa alikuwamo ndani yake.

"Miaka thelathini na nne nimekaa na Baba Skola," akasema. "Maoni yake yote nimeyasikia, mengine nimeyasikia mpaka nikachoka. Penalti nimeisikia. Tope nimelisikia. Hili la mlangoni sikuwahi kulisikia. Nikimpa Maganga, nimesema mume wangu ni yale tu mliyoyasikia ninyi nyote. Nikimpa Kapela, nimempa mtu koti kwa kutomjua mume wangu, ingawa ni yeye aliyenifanya nikumbuke kwamba mimi ninamjua. Nikimpa Kalunde, nimesema alilitamka lile neno, nami nitalala nalo kila siku, na huenda ni la Kalunde. Nikimnyima, nimesema kwa mdomo wangu, mbele yenu, kwamba hakulitamka."

Wazee wakaombwa ushauri. Wa kwanza akasema Maganga, wa pili akasema Kalunde, wa tatu akasema Kapela, na wa nne akauliza chakula kinakuja saa ngapi. Mama Skola hakuwasikiliza. Alikuwa amelishika koti kwa mikono miwili, watu watatu wako mbele yake, na jua linashuka.

Mimi nimewaacha hapo hapo. Maoni yangu ninayo, tena makali, lakini leo siyatoi, maana mlikubali wenyewe. Kwa hiyo semeni. Wewe uliyekaa hapo mlangoni, anza wewe: lingekuwa mapajani mwako, na yule marehemu ni wako, ungenyoosha mkono kwa nani?