Mgeni Aliyekaa Nyuma

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa juu ya mfenesi, si kwa woga, ila mwenye macho kama yangu huona vizuri zaidi akiwa juu, na niliyaona yote.

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba ya udongo pembeni mwa shamba la mkonge. Jina lake Nakijwa. Ndani alilala mama mkwe wake, aliyepooza miguu, mtu wa kubebwa. Mwenye shamba, mzungu, alitaka wahame, na kila asubuhi alituma mlinzi na mbwa. Mbwa wale walilelewa uani kwa tajiri huyo. Ukimtoa mlinzi aliyewashika kamba, walifundishwa kumrarua mtu mweusi. Ngozi nyeupe kwao ilikuwa bwana, mleta nyama.

Akaja binti kutoka Ulaya, Hilde, kuwaunga mkono. Alikaa kwenye kigoda mlangoni kwa Nakijwa, na mbwa wakifika wakawa wanafyata mikia na kulala chini. Nyumba ikabaki salama. Nakijwa akaanza kupata usingizi.

Lakini Hilde hakutulia. Aliona haya kuwa mbele katika mapambano ya wenzake. Asubuhi moja akabeba kigoda, akakiweka nyuma ya nyumba, karibu na mafiga.

"Mapambano ni yenu, mama," akasema. "Nyinyi mtangulie, mimi nifuate."

Maneno mazuri, sikatai. Neno moja tu la Nakijwa lingemrudisha mlangoni. Lakini kwao mgeni hapangiwi pa kukaa. Ukimwambia sogea, umemfukuza. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Akaenda kusimama mlangoni peke yake.

Mlinzi alipofika alicheka. "Nakijwa, leo mzungu wako umemwanika wapi?" Akafungua kamba.

Mbwa hawakubweka. Mbwa aliyefundishwa habweki, anakuja tu, tumbo chini, macho shingoni kwako. Ndani bibi kizee akauliza nani amekuja, wakaribishwe. Hapo adabu ikamwisha Nakijwa, akaita bila kugeuka:

"Mwanangu, kuongoza tunajua tangu zamani. Tulichokosa ni ngozi yako mlangoni."

Hilde akainuka, akakimbia, akasimama mbele yake. Mbwa wakatulia, wakamlamba mikono. Naye akalia, maana alijua wanamlambia nini.

Ndivyo ilivyokuwa, na naapa kwa macho yangu haya. Isipokuwa huko kuinuka kwa Hilde, hilo nimelitia mwenyewe kwa kuwa sikuweza kulisema lilivyo: kweli ni kwamba Hilde hakuinuka. Alisikia, akabaki pale pale nyuma, akiona aibu kumtangulia mwenye nyumba. Sasa wewe niambie, aibu ile ilimlinda nani?