Matufaha ya Bondeni

Wamesimulia wema waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milimani, huko Yemen, palikuwa na mja akiitwa Mutarrif, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa na bustani ndogo ya matufaha. Mji huo ulikuwa na ada njema. Ubavuni mwa msikiti, upande wa magharibi, palikuwa na shubaka ukutani, na mwenye cha kutoa alikiweka humo baada ya Alasiri, wakati pametulia. Ikishaswaliwa Magharibi, watu wote walitokea mlango wa mashariki kwa makusudi, ili mwenye dhiki apite nyuma ajichukulie asionwe na mtu. Mtoaji hakumjua mpokeaji, wala mpokeaji hakumjua mtoaji. Mtoto aliyekwenda kuchungulia alivutwa sikio.

Kila msimu Mutarrif alijaza kikapu na kukiweka humo. Hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mkewe, Bi Unaysa, mwanamke mcha Mungu aliyezaliwa nchi za tambarare. Lakini nafsi ya mwanadamu haina adabu, ndugu zangu. Watu wakikaa barazani humsifu na kumwombea mwenye kikapu wasiyemjua, na Mutarrif naye yupo papo hapo, ameinamisha kichwa kama hasikii, na moyoni anaona raha. Akaizoea raha hiyo.

Ukaja mwaka ambao baridi iliunguza maua, na miti yake ikazaa vijitunda vya kutia huruma. Mutarrif alikosa usingizi. Watasema nini, kikapu kikija nusu? Katika kuhangaika kwake akateremka bondeni, mahali ambapo watu wa mji hawana desturi ya kufika, akaukuta mti usio na mwenyewe umejaa matunda mekundu, ya mviringo, yenye harufu nzuri. Matufaha matupu! Akashukuru, akachuma, akajaza, na lile kubwa kuliko yote akaliweka juu. Hakuonja hata moja, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amefunga saumu ya sunna. Lau angekuwa anakula, kisa hiki kisingekuwapo.

Alikiweka kikapu shubakani, na tunda moja akalibakiza kwa futari. Aliporudi kutoka Magharibi, alifungua kwa tende na maji, akampa mkewe lile tunda alikate. Kisu kilipopita, likatoa utomvu mweupe kama maziwa. Bi Unaysa akakitupa kisu.

"Mume wangu, hili umelitoa wapi?"

"Bondeni. Kwani si tufaha?"

"Si tufaha. Kwetu mbuzi akilila hafiki asubuhi. Yako wapi mengine?"

Mutarrif alikwishatoka mbio bila viatu.

Alipofika alikikuta kikapu kimebaki na majani tu. Nyumba ngapi mjini zilikuwa zinaandaa chakula saa ile, na katika ngapi kati ya hizo mama alikuwa anawagawia wanawe vipande vya sumu huku akimwombea dua aliyewaletea? Aende wapi? Abishe mlango gani? Ada ile ile iliyowasitiri maskini ndiyo iliyomfungia njia ya kuwafikia.

Akamkimbilia imamu wa msikiti, Sheikh Wahbi, akamweleza yote. Sheikh alikuwa mtu mpole, akamwambia, "Tulia, mwanangu. Nitamwambia mwadhini apande juu atangaze, na jina lako hatalitaja. Sadaka yako itabaki siri kati yako na Mola wako."

Naam, hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Maneno yale yalikuwa matamu, na Mutarrif aliyatamani sana. Lakini akajiuliza: mwenye njaa, mkononi ana tunda zuri, akiambiwa na sauti kutoka juu ya paa asilile, hatauliza ni nani aliyesema na amejuaje? Na akiwa anauliza, si anatafuna?

"Yaa Sheikh," alisema, "niruhusu nipande mwenyewe."

Akapanda. Sauti ilimtetemeka, ila aliitoa yote. "Enyi watu! Mimi ni Mutarrif wa bustani ya matufaha. Kikapu cha shubakani ni changu, na leo nimetia humo matunda ya sumu, kwa ujinga wangu na kwa kupenda kwangu sifa. Msile! Nirudishieni, nijue mmesalimika. Nitakaa shubakani nimejifunga macho kwa kilemba, na hapana mtu mwingine atakayekuwapo. Wallahi sitamwona yeyote."

Huko chini watu wakaanza. "Kumbe ni yeye!" akasema mmoja. Mwingine akasema, "Mcha Mungu gani huyu anayelisha watu sumu?" Mutarrif aliyasikia yote akiteremka ngazi, yakamchoma, akapita.

Bi Unaysa, aliyekuwa amemfuata na dawa ya kwao, akaenda kungoja mlango wa mashariki. Mutarrif akaketi chini ya shubaka, macho yamefungwa, kikapu mapajani. Muda ukapita na hapakuja mtu. Kisha akasikia unyayo, na tunda likatua kikapuni taratibu. Likaja jingine, tena mawili kwa pamoja. Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke mzee, kwani alimsikia akikohoa; alimgusa bega akaondoka. Kila tunda lilipotua, Mutarrif alipumua kidogo. Mwisho nyayo zikakatika. Akapapasa kwa vidole. Kikapu kilijaa, ila lile kubwa halikuwamo.

Hofu aliyoipata hapo hakuwahi kuipata maishani mwake. "Yaa Rabbi," alinong'ona, "ukitaka kuniadhibu kwa ile raha ya moyoni, niadhibu mimi. Usiwaadhibu wao."

Ndipo zikaja hatua za mbio. Tunda kubwa likaangukia kikapuni, na kidole chake kikakuta alama za meno madogo.

"Usifungue macho," ikasema sauti. "Nakuomba kwa ajili ya Mungu usifungue. Mwanangu ameliuma. Anatapika."

Mutarrif aliitambua sauti ile. Alikuwa mtu ambaye mji mzima ulimhesabu tajiri, mwenye kualika wageni kila Ijumaa, na Mutarrif mwenyewe alikwishakula kwenye sinia lake. Jina lake wasimulizi hawakulitaja, nasi hatulitaji.

"Sikujui, ndugu yangu," Mutarrif alijibu, "wala sitaki kukujua. Mke wangu amesimama mlango wa mashariki na dawa ya kwao. Mchukue, kimbieni!"

Watu wakaswali Isha, naye akaswali pale pale alipokuwa, kilemba usoni, machozi yamekilowesha. Hakuthubutu kukifungua hadi alipomsikia Bi Unaysa akirudi.

"Mtoto?" aliuliza.

"Mzima. Ameomba maji, kisha akagombana na dada yake kuhusu mto wa kulalia."

Mutarrif akasujudu. Alipoinuka alilia tena, safari hii kwa majuto. "Bi Unaysa, sadaka yangu ya miaka yote imefichuka. Nimebaki na nini cha kumpelekea Mola wangu kwa siri?"

Bi Unaysa akamfuta uso. "Ya matufaha ndiyo iliyofichuka. Ila nimetoka sasa hivi katika nyumba ambayo mji mzima unadhani imeshiba, na jiko nimelikuta halina jivu. Wewe umeijua, na mimi nimeijua. Sadaka yako ni kuufunga mdomo wako hadi kaburini."

Inasemekana Ijumaa iliyofuata mwaliko haukuja, wala Mutarrif hakuuliza kwa nini. Barazani watu walipoanza kushangaa na kubahatisha, yeye ndiye aliyewageuzia mazungumzo. Mwenyezi Mungu atusitiri kama tunavyowasitiri waja Wake, na atujaalie tuwe wepesi wa kusema ukweli unaotuumiza, na wazito wa kusema ule unaowaumiza wenzetu. Amin.