Mtoto wa Nani Huyu Inasemekana?

Haya, sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso. Jua liliwaka hadi mito ya karibu ikakauka, likabaki bwawa moja tu, na wanyama wote wakawa wanakunywa hapo kwa zamu. Simba ndiye aliyepanga zamu. Wa kwanza alikuwa nani? Msiniulize.

Fisi shida yake haikuwa kiu, ilikuwa tumbo. Bwawani Simba alikuwa amekataza kuwinda, lakini korongoni, kwenye njia ya kwenda mto wa mbali, hakukuwa na wa kumkataza mtu. Basi akamshibisha Kasuku njugu, na asubuhi Kasuku akazunguka juu ya miti akitangaza: "Inasemekana maji ya bwawa yana sumu! Hamieni mto wa mbali, piteni korongoni! Inasemekana hata Simba, mwenye akili kuliko wote, ameshakubali!"

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Kama nimeshakubali," akasema, "basi ni kweli."

Wanyama wakaanza kufunga mizigo. Digidigi mdogo akamkimbilia mwalimu wake, Sungura, huku analia. "Mwalimu, tunahama leo, na bibi hawezi kutembea. Anasema tumwache."

"Nani kasema maji yana sumu?"

"Kasuku."

"Na Kasuku kaambiwa na nani?"

Digidigi akafikiri. "Na Inasemekana."

"Mtoto wa nani huyo? Anakaa wapi? " Akawageukia wanafunzi wake wote. "Hebu nendeni mkamtafute."

Wanafunzi wakatawanyika wakibisha hodi kila mlango. "Shikamoo mama, hapa ndipo kwa Inasemekana?" Kobe alikuwa kasikia kwa Nungunungu, Nungunungu kwa Ngiri, na Ngiri kwa Kasuku. Kasuku alipozingirwa akatema ganda la njugu. "Fisi kaniambia niseme hivyo. Mimi sumu yenyewe sijaiona."

"Kumbe ni uongo!" wanafunzi wakashangilia.

"Taratibu," akasema Sungura. "Tumemjua msemaji tu. Hata Fisi anaweza kukosea akasema kweli. Sasa tumpime yeye na maji yake."

Akamtuma Kasuku atangaze tena: "Inasemekana kuna mzoga wa nyati kando ya bwawa, umenona!" Wanyama wakajificha kwenye matete. Punde si punde Fisi akatoka korongoni mbio, ulimi nje, jua likimchoma mgongo. Akanusa huku, akanusa kule, mzoga hakuuona. Koo lilikuwa limemkauka. Akatumbukiza mdomo bwawani, akanywa hadi tumbo likavimba.

Matete yakafunguka. "Bwana Fisi," akauliza Sungura kwa upole, "si maji yana sumu?"

"Yana... yana sumu kwa wengine!"

Wanyama wakaangua kicheko, na Simba akanguruma. Fisi akakimbilia miibani, na tangu siku hiyo zamu yake ya kunywa ikawa baada ya vyura. Mizigo ikafunguliwa, na Digidigi akampelekea bibi yake maji, akayamwaga nusu njiani kwa furaha.

Jioni Simba akapanda jiwe, akakohoa. "Mimi nilijua tangu mwanzo kuwa ni uongo."

Wakubwa wote wakaitikia kwa vichwa. Digidigi akanyoosha mkono. "Shikamoo mzee. Ulijuaje?"

Simba akamtazama Digidigi, akamtazama Sungura, halafu akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Akashuka jiweni, akainamia bwawa, akanywa maji kwa muda mrefu sana.