Fisi Aliyewapepea Bakteria

Paukwa.

Pakawa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na majiko, alikuwepo ngiri. Si nguruwe wa zizini, ngiri. Jina lake Bi Mashavu. Alikaanga mihogo, akaishi kwa mihogo. Mafuta yaliyochakaa aliyamimina kwenye tangi lililozikwa uani.

Humo tangini waliishi bakteria. Msiwaite wadudu, si wadudu. Walikuwa koo mbili. Watafunaji walitafuna mafuta. Wapumuaji walikula makombo ya Watafunaji, wakatoa pumzi, ndiyo gesi. Pumzi ikapita kwenye mpira, ikawaka jikoni. Fuu.

Siku ya harusi ya bintiye, Bi Mashavu akaenda kuwalaki wakwe. Akamwachia mji jirani yake, Fisi.

"Wape wageni wangu wa tangini upawa mmoja wa mafuta, kwa bomba hili. Mfuniko usiuguse. Moto ukizimika, wakwe wataondoka na harusi yao."

"Nenda, jirani. Mimi mgeni hajanilalia njaa."

Upawa mmoja? Fisi akaona aibu. Akamimina pipa zima. Gudu, gudu, gudu. Tangi likaguna. Bwabwabwa.

"Bwana Fisi, mafuta yametuganda mwilini," wakasema Watafunaji bombani. "Na Wapumuaji hawawahi kutuondolea makombo."

"Mnaona haya tu. Kuleni."

"Hatuwezi."

"Basi ni joto. Mmefungiwa gizani kama wezi." Akafungua mfuniko, akashika kipepeo cha ukili, akawapepea. Pepe, pepe, pepe.

"Funga, bwana. Hewa inatuua."

"Msinishukuru, ni wajibu wangu."

Tangi likaacha kuguna. Jikoni moto ukafa. Pu.

Wakwe wakaja, wakakuta mihogo mibichi. Wakatazamana, wakainua mikia, wakaondoka mbio. Binti akalia.

Bi Mashavu hakufoka. Akayachota mafuta yaliyozidi tangini, akaomba kwa Ng'ombe samadi mbichi yenye bakteria wa koo zile zile, akaitia, akafunika. Akawalisha kidogo kidogo, upawa kwa upawa, hata moto ukarudi. Fuu. Harufu ya mihogo ikawarudisha wakwe.

Harusini Fisi akaketishwa mbele. Akapewa upawa mmoja wa mihogo, kisha akafunikwa sufuria kubwa.

"Bi Mashavu, huku giza. Sipati upepo."

"Unaona haya tu, jirani. Kula."

Basi, wakubwa na wadogo, mgeni apewe kinachomfaa yeye, si kinachompendeza mwenyeji. Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya sufuria.