Gari Lililomshinda Kogo Kupanda

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni kuwa mtu akitaka kitu cha thamani hana budi kujishusha, kwa sababu uvungu wa kitanda haumjui tajiri wala maskini. Wote huuingia kwa magoti. Aron wa Merigi aliijua methali hii. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliwahi kuihubiri kwa sauti iliyotetemesha mabati. Lakini kujua ni jambo moja, na goti kugusa udongo ni jambo jingine.

Mwaka huo majani chai ya shambani mwake yalileta bonasi ya kutia moyo. Kifungua mimba wake, Kimutai, naye alikuwa amepata mchumba, Caren, binti ya Mzee Alfayo wa Sigowet. Aron akaazimia kununua gari kubwa la viti saba, lenye nguvu za kushindana na matope, ili wasiende kuposa wakiwa wamelowa kama vifaranga. Viti hivyo vingeitosha familia yake: yeye, mkewe Edinah, watoto wao wanne, na mama yake mzazi, ajuza ambaye watu wote walimwita Kogo, yaani nyanya.

Mjini Kericho, mchuuzi wa magari aliyeitwa Wachira aliwaonyesha Aron na mkewe mawili. La kwanza lilikuwa la kijivu, la kimo cha wastani, na chini ya kila mlango lilikuwa na kikanyagio. La pili lilikuwa jeupe pepepe, matairi yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, vyuma vya kukinga vikimetameta mbele. Lilikuwa limeinuka hata Edinah akalazimika kujivuta kwa mikono miwili ndipo aingie.

“Baba Kimutai,” Edinah alisema akihema, “goti la mama unalijua. Si tumlete kwanza ajaribu?”

“Mama Kimutai amesema kweli,” Wachira akaunga mkono. “Mimi nauza yote mawili, sipotezi kitu. Lakini la kijivu litamfaa nyanya.”

Aron akacheka. “Gari hujaribiwa na fundi, si na bibi kizee! Nikiingia Sigowet na hilo la kijivu, watadhani daktari wa ng’ombe amekuja kudunga sindano.”

Wachira alicheka mpaka akashika mbavu. Edinah hakucheka. Gari jeupe likanunuliwa.

Siku ya posa ilipowadia, Kogo alitoka nyumbani mwake akiwa amejipaka mafuta, amefunga kitambaa kipya kichwani. Ndiye aliyejua koo na vizazi vyote vya nyuma, na ndiye aliyetarajiwa kuwabariki vijana. Alifika mlangoni pa gari, akainua mguu. Mguu ukagoma. Wakaleta kigoda; kikazama matopeni na kuyumba.

“Mnyanyueni!” Aron aliamuru, macho yakiwa kwenye saa.

Kimutai na ami zake wawili waliokuja kuwaaga wakamwinua kama gunia la majani chai. Kitambaa kikaanguka, gauni likapanda juu ya magoti, na majirani waliokuja kulitazama gari wakageuza nyuso zao.

“Nishusheni,” Kogo alisema polepole. “Nishusheni, wanangu. Nendeni. Mimi nitawaombea nikiwa hapa hapa.”

Edinah alimtazama mumewe. Kimutai alimtazama baba yake. Aron alikohoa, akasema, “Haya, tumechelewa,” akawasha gari. Katika kioo alimwona mama yake akiinama kwa shida kukiokota kitambaa chake. Aliondoa macho upesi, kama mtu aliyegusa kaa la moto.

Kwa desturi ya watu wale, wanaokuja kuposa husimama nje ya ua, wakingoja kwa unyenyekevu mpaka waulizwe shida yao. Aron hakungoja. Alipiga honi, akaingia na gari mpaka karibu na mlango wa nyumba, kuku wakatawanyika. Mzee Alfayo akatoka, akalizunguka gari kimya kimya, kisha akawahesabu wageni kwa macho.

“Karibuni. Namwona baba, namwona mama. Nyanya ya kijana yuko wapi? Anaumwa?”

Uongo ulimjia Aron, akaumeza. Kimutai ndiye aliyejibu, akitazama chini: “Kogo yuko mzima. Ameshindwa kupanda gari.”

“Gari la nani?”

“Letu.”

Alfayo akatikisa kichwa. “Mzee Aron, hili ulilinunulia familia ama ulilinunulia barabara? Mama aliyekuzaa ameshindwa kulipanda, ukamwacha. Na huyu binti yangu akizeeka kwenu, akaumwa goti, mtamwacha wapi?”

Ndani ya nyumba, Caren alisikika akilia.

“Kunyweni maziwa, mrudi salama,” Alfayo alisema. “Siku mtakapokuja wote, tutazungumza. Msipokuja wote, basi.”

Njia nzima Kimutai alitazama nje ya dirisha. Aron aliona haya hata kwa ng’ombe waliokuwa wakila nyasi kando ya barabara. Walipofika nyumbani, Kogo alikuwa akichambua maharagwe. “Wametupatia mtoto wao?” aliuliza kwa furaha. Aron akaingia chumbani bila kujibu. Alipiga magoti kuomba, lakini kila alipotamka neno “Baba,” aliona mkono mkongwe ukipapasa matope. Akalia kama aliyefiwa. Kisha akatoka, akamweleza mama yake yote, hata lile la bibi kizee alilolisema Kericho.

Kogo aliyaweka maharagwe kando. “Nilikuwa nimeshakusamehe gari likiwa bado pale langoni,” akasema. Maneno hayo yalimchoma Aron kuliko tusi.

“Tuite fundi wa kuchomelea vyuma aweke kikanyagio,” Edinah alishauri.

“Kitawekwa,” Aron akajibu. “Lakini Jumamosi hii kikanyagio nitakuwa mimi.”

Jumamosi ilipofika, Aron, akiwa katika suti yake ya kanisani, alipiga magoti kando ya mlango wa gari, akaegemeza viganja vyake matopeni. “Kanyaga, mama.”

“Wewe ni mzee wa kanisa. Watu wanaona!”

“Waache waone.”

Kogo akavua viatu, akapanda kwa mgongo wa mwanawe, akaketi kiti cha mbele. Huko Sigowet, Aron alilisimamisha gari nje ya ua, mbali na lango. Wenyeji walikuwa wamejipanga kwenye uzio, shingo zimewatoka. Mbele ya macho yao yote akapiga magoti tena, mama akashuka juu yake, nyayo zake zikaacha alama kwenye suti. Hakuna aliyecheka. Aron alibaki ameinama, uso ukimwaka kwa aibu, akingoja kuulizwa shida yake.

Mzee Alfayo alikuja mwenyewe kufungua lango. Alimshika Kogo mkono, kisha akamwinua Aron kutoka matopeni.

“Ingieni,” alisema. “Leo mmekuja kuomba.”

Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.