Bi Mwashi Amtetea Bwana Shekue

Hivi wewe, umewahi kuona kinamasi kikikauka chenyewe kwa siku tatu? Bwana Shekue, tajiri wa mpunga, aliapa mbele ya mkutano wa kijiji kwamba chetu kilikauka hivyo hivyo. Humo ndimo wanawake walimokata ukindu wa kusukia mikeka. Sasa maji yote yalikuwa yamefuata mtaro mpya hadi shambani kwake.

Mwenyekiti akasema, "Aliyeuchimba ataufukia. Asipojulikana leo, mtaro unabaki."

Bi Mwashi, msusi wa mikeka, akasimama. "Mwacheni Bwana Shekue. Hakuchimba yeye."

Wanawake wenzake wakaguna. "We Mwashi, amekuhonga nini?"

"Jamani, tuseme haki. Mtaro ule umenyooka kama rula. Huyu baba hata choo chake kimeinama."

Watu wakacheka. Shekue akatabasamu kwa shida.

"Tena ile ni kazi ya mwanamume mwenye nguvu," Bi Mwashi akaendelea kwa upole. "Huyu akifunga kamba za viatu tu, anahema. Mimi nasema ni shemeji yake, Kopwe. Yule ana akili, ana na mikono. Hebu tumpigieni makofi huko aliko."

Makofi yakaanza.

"Kopwe?" Shekue akaruka kitini. "Kopwe hajui hata koleo linashikwa wapi! Mtaro ule nimeupima mimi, nimeuchimba mimi, siku tatu, kwa mikono yangu hii!"